Isabarongo, Wasichana Wawili

Bwana Tibakanya anafungua kabati la parokia ya Virika
kwa ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu,
ananipa kitambaa, si cha vumbi, cha viganja:
"Jasho linakula wino," anasema,
kisha anarudi kwenye redio yake.

Nje mvua ya Fort Portal, ile isiyo na haraka.
Ndani, mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tatu
unanuka mchwa na mshumaa.

Namtafuta bibi kabla hajawa bibi.
Nilimjua mzee tu: visigino vilivyopasuka,
chai ya tangawizi, kofi zito
kwenye mgongo wa mtoto mwongo.
Nyumbani tulimwita Nyakato.
Kwenye kadi ya kanisa, Perpetwa.
Na asubuhi, ukimwamkia bila kusema Abwoli, hakuitikia,
hata mimi, mtoto wa kambi ya polisi,
ambaye Kitooro changu ni cha kuombea chumvi.
Majina matatu, mtu mmoja. Nani angeuliza?

Hapa.
Mwandiko wa padri umelala upande
kama mtama uliopigwa na upepo.
Tarehe tisa Juni, mistari miwili, bano moja,
na neno la Kilatini ambalo Tibakanya
ananitafsiria bila kugeuka: mapacha.
Perpetwa Nyangoma.
Felista Nyakato.
Baba, Yozefu Bamuroho. Mama, doa la maji.

Nikashika kitabu kingine, chembamba, cha waliozikwa.
Mwaka wa ishirini na sita, wimbi likivunwa:
Felista Nyakato, miaka mitatu, homa.

Nikasoma tena.
Nikasoma tena kwa sauti, kama mtu anayehesabu chenji.
Nyakato aliyenifundisha kufunga viatu
alizikwa miaka hamsini kabla sijazaliwa.

Siku mbili baadaye niko ghala la wilaya,
chini ya tangi linalovuja, na daftari za kodi.
Bamuroho hayupo mwaka wa thelathini.
Hayupo thelathini na moja.
Nikaacha kutafuta jina, nikatafuta heshima:
*Isabarongo, Yozefu.* Baba wa mapacha.
Karani alimuuliza anaitwa nani,
naye akatoa cheo ambacho hata kifo hakikivui.

Vibanda viwili. Mke mmoja. Mbuzi wanne.
Wasichana: 2.
Na pembeni, kwa penseli, karani mwenye shaka:
*Nimeona mmoja. Baba asema wa pili ameenda kuni.*

Miaka mitano, ameenda kuni.

Sasa ile hadithi anayoipenda mama yangu.
Sensa ya arobaini na nane, mwezi wa Agosti,
mwandishi amesimama mlangoni, kofia mkononi:
humu mnalala wangapi?
Babu yuko Nsambya na sare yake ya polisi,
bibi yuko peke yake, unga hadi kwenye viwiko.
Akajibu, "Wawili."
Mama alizaliwa Desemba.
"Mimi," husema, na ana miaka sabini na saba,
"nilihesabiwa kabla sijaonekana,"
na kila mara hukaa wima kidogo kitini.

Jana alipiga simu.
"Umepata nini huko?"
Nilikuwa naitazama picha kwenye simu hiyohiyo,
ile 2 ya penseli, yenye mkia mrefu
unaovuka mstari na kuingia safu ya mbuzi.

"Nimepata mbuzi wanne," nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Na watu je?"
Maji yalidondoka kwenye ndoo ya mlinzi.
"Watu," nikasema, "bado nahesabu."